Pango la Gunhild na Swali la Tatu

Mjini Vesterby hakuna mtu anayepokea kitu mara ya kwanza. Mkaribishe kahawa, atasema hapana, ameshakunywa nyumbani. Mkaribishe tena, atasema usijisumbue, yeye alikuwa anapita tu. Mkaribishe mara ya tatu, hapo atavuta kiti na kusema, "Haya basi, nusu kikombe," kisha atakunywa vitatu na keki atakula. Ndivyo walivyolelewa. Asiyeijua hesabu hiyo anaweza kushinda na njaa katika nyumba iliyojaa chakula, na wenyeji wakabaki kumsikitikia kwamba hana hamu ya kula.

Marit Tollefson aliijua hesabu hiyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Ndiyo maana lile kosa lake la siku ya Ijumaa lilimuuma sana. Lingekuwa la mgeni lingesameheka.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, mume aliyefanya kazi kiwanda cha jibini, binti wa miezi kumi aitwaye Nora, na ufunguo wa stesheni ya zamani. Treni ya mwisho ilipita Vesterby kabla Marit hajazaliwa. Reli ziling'olewa, tuta likabaki, na siku hizi wanaopita juu yake ni waendesha baiskeli wenye kaptula za kubana, wanaotoka mji hadi mji, bonde hadi bonde, wakipiga kelele ndani ya mahandaki ili wasikie mwangwi. Stesheni yenyewe ikawa makumbusho: cherehani ya mguu, mbao za kutelezea thelujini za tarishi mmoja wa zamani, na dubu aliyekaushwa asiye na sikio moja. Nora alijifunzia kutambaa chini ya dubu huyo. Mgeni akiingia, Nora ndiye wa kwanza kumpokea, kwa kumrushia kijiko.

Marit aliipenda kazi hiyo kuliko alivyothubutu kusema. Wapi pengine mtu angefanya kazi mtoto akiwa miguuni pake, na mtoto akilala, akasoma barua za watu waliokufa zamani kana kwamba zimeandikwa kwake?

Basi mwezi wa Mei ikaja habari. Kamati ya njia za matembezi ya jimbo itajenga kituo kimoja katika wilaya yao: kivuli, choo, bomba la maji, na jina la mji kwenye kila ramani ya Wisconsin. Kimoja tu. Waliobaki mchujoni walikuwa Vesterby na Harmon Springs. Harmon Springs walikuwa na chemchemi saba na samaki wa saruji aliyezidi kanisa kwa urefu, ambaye watoto huingia mdomoni mwake na kutokea mkiani. Vesterby walikuwa na Pango la Gunhild, mjane aliyefika bondeni na watoto watatu mwaka wa elfu moja mia nane hamsini na nne, akapitisha nao majira yote ya baridi ndani ya jabali, kabla mji haujawa mji.

"Tukikosa kituo," mwenyekiti wa halmashauri alimwambia Marit kwa upole kabisa, huku akimpa sahani ya keki, "stesheni tutaifanya ghala. Chumvi ya barabarani nayo inahitaji paa, Marit."

"Kwa hiyo makumbusho…"

"Dubu tutampatia nafasi kanisani, kule chini. Kula keki."

Marit akasema hapana, ameshiba. Na siku hiyo, hata alipokaribishwa mara ya tatu, alisema ameshiba.

*

Mjumbe wa kamati, Bwana Wendell Prusak, alikuwa aje Jumamosi saa tatu asubuhi. Alhamisi Marit akaketi kuandika maelezo atakayompa pangoni. Mezani kulikuwa na barua ya Gunhild mwenyewe, iliyokuwa imefika kutoka Norwei wiki mbili kabla, imetumwa na kitukuu wa dada yake, na tafsiri yake imebanwa nyuma. Marit alimpa Nora titi anyonye, akaisoma akiishika kwa mkono mmoja.

"Dada yangu," Gunhild aliandika, "usihuzunike ukisikia tunaishi pangoni. Jua la asubuhi linaingia mpaka kwenye majani tunayolalia. Maji yanaanguka mlangoni petu usiku na mchana, na watoto wakilia, sisikii vilio vyao peke yake. Huwa kama mto unalia nao, nami napata nguvu."

Marit akalia kidogo. Halafu akaacha kulia, akairudia ile mistari.

Maji mlangoni? Jua la asubuhi?

Alilijua Pango la Gunhild tangu shule ya awali. Kila mtoto wa Vesterby alipelekwa kule akiwa na mkate wake mfukoni, akasimama mbele ya kibao cha shaba, akaimba. Lilikuwa kwenye shamba la Verlyn Skaar, limetazama kaskazini, na lilikuwa kavu kama biskuti.

Akamfunga Nora mgongoni, akapachika kwenye mlango kile kibandiko cha "Narudi sasa hivi", akaenda.

Mzee Verlyn, mwenye miaka sabini na minane na kofia ya kampuni ya mbegu, alimkuta amesimama mbele ya pango, ameinua kidole akitafuta upepo kama baharia.

"Unapima nini, mama Nora?"

"Mzee Verlyn, hapa jua huwa linaingia saa ngapi?"

Verlyn akalitazama lile giza la pangoni. Akakitazama kibao. Akavitazama viatu vyake. "Jua la siku zile," akasema, "lilikuwa kali zaidi."

"Na maporomoko ya maji je?"

"Mvua ikinyesha sana, maji huwa yanadondoka pale pembeni."

"Yanadondoka?"

"Ukiweka ndoo utaona."

Marit akamsogelea hatua moja. Vesterby, ukitaka mtu aseme ukweli, hulazimiki kumbana. Nyamaza tu, ukiwa umesimama karibu naye. Ndege mmoja aliimba, akamaliza, akaanza tena. Nora alimvuta mama yake nywele. Verlyn akavua kofia.

"Twende tukanywe kahawa," akasema.

"Hapana, mzee, nimekunywa."

"Twende tu."

"Usijisumbue."

"Mama Nora, twende. Haya ni mambo ya kikombe mkononi."

Jikoni kwake, Verlyn alikoroga kahawa isiyo na sukari muda mrefu sana. Kisha akaeleza.

Mwaka wa hamsini na nne, mji ulipoadhimisha miaka mia moja, kamati ilitengeneza kibao. Pango halisi kila mtu alikuwa analijua: lilikuwa ng'ambo ya kilima, kwenye shamba la Kvamme. Mwenyekiti wa sherehe, mwalimu mgeni kutoka mjini, akaenda kumwomba mzee Kvamme ruhusa. Mzee Kvamme akasema, ah, pango lenyewe ni la kawaida tu. Wakaongea habari za mahindi. Mwalimu akaomba tena. Mzee Kvamme akasema, msijisumbue, kuna matope. Hapo mvua ikaanza, mwalimu akakumbuka vioo vya gari viko wazi, akakimbia.

"Akarudi?" Marit aliuliza.

"Hakurudi."

"Kwa hiyo aliuliza mara…"

"Mbili."

Marit akaweka kikombe chini. "Mara mbili!"

"Mbili tu," Verlyn akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaja msiba. "Kutoka pale akaja kwa baba yangu, akasema wenzenu wamekataa, nanyi mna pango. Baba akakataa, akakataa, mara ya tatu akakubali, kwa adabu tu. Alikuja kujua baadaye kwamba akina Kvamme walikuwa wameshafagia njia na kupika. Kibao kilishapigiliwa."

"Na hakukirudisha?"

"Angekirudishaje, binti? Ukimpelekea Kvamme kibao mlangoni, umemwambia nini? Umemwambia, najua ulikuwa unakitaka. Utamtukana mtu namna hiyo?"

"Na wao hawakuja kukidai."

"Wadai! Waonekane watu wa kutaka vitu?" Verlyn akatikisa kichwa. "Miaka sabini tunasalimiana kanisani kila Jumapili. Habari za mahindi, nzuri. Habari za ng'ombe, nzuri. Pango, hata siku moja."

*

Marit hakulala vizuri. Kumwonyesha Bwana Prusak lile pango kavu na kusoma barua ya Gunhild mbele yake, hakuweza. Kumwonyesha na kuificha barua, hakuweza pia. Lililobaki ni moja: Ardis Kvamme, binti wa mzee yule, ambaye sasa alikuwa na miaka themanini na minne na aliishi peke yake pamoja na jogoo asiyependa watu.

Ijumaa asubuhi, Nora akiwa mgongoni, Marit akamkwepa jogoo na kubisha hodi. Bibi Ardis alikuwa mrefu, amenyooka kama mlingoti wa bendera, na macho yake yalikuwa ya samawati ya kukata. Akamkaribisha kahawa mara tatu. Akaleta ule mkate bapa wa viazi, umekunjwa na siagi na sukari, akamkatia Nora vipande vidogo vidogo.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na sauti, haina mwanzo wala mwisho.

"Hayo ni maji, Bibi Ardis?"

"Ni maji tu."

Wakaongea habari za Nora, meno yake, na baridi iliyochelewa kuondoka. Ndipo Marit akasema, kwa sauti nyepesi kama anayeomba chumvi mezani, "Kesho anakuja mgeni wa kamati. Nilikuwa nafikiri, kama haitakusumbua, tungempitisha huku akaone pango."

Uso wa Bibi Ardis haukubadilika, lakini mkono wake uliacha kukata mkate.

"Ah," akasema. "Pango la kawaida tu lile."

Moja, Marit akahesabu moyoni. Hesabu haifanywi kwa papara. Akasifu mapazia. Akauliza habari za jogoo. Akanywa kikombe cha pili mpaka chini.

"Ila angelipenda," akasema. "Nina barua ya Gunhild mwenyewe inayolitaja. Tungependa sana aje."

Bibi Ardis akainuka, akaenda dirishani, akampa mgongo.

"Waacheni akina Skaar na shaba yao," akasema. "Watu wamezoea."

Hilo halikuwa katika hesabu. Hapana ya Vesterby ni laini, unaweza kuikalia kama takia. Hii ilikuwa na mfupa ndani. Marit akahisi masikio yanawaka. Je, hii ilikuwa ya pili, au ilikuwa hapana ya kweli, ile adimu, ambayo mtu huisikia mara mbili au tatu katika maisha yake yote? Wakati akitafuta neno, Nora akatapika mkate begani mwa mama yake na kuanza kulia kwa sauti ya king'ora. Mvua ikaanza kugonga paa. Marit akafuta, akabembeleza, akaomba radhi, akaaga.

Na kuaga Vesterby si jambo la dakika moja. Unajipiga magotini kwa viganja vyote viwili na kusema "Haya basi", unaongea nusu saa mlangoni, unaongea tena barazani, na gari likishawaka mwenyeji anakuja dirishani kukukumbusha ujihadhari na kulungu njiani. Siku hiyo Marit aliruka yote hayo. Alikimbia mvuani hadi garini kama mwizi wa kuku, jogoo nyuma yake. Alipofika barabara kuu ndipo akili ilipomrudia, akapiga breki.

Mvua. Maswali mawili. Gari.

"Nora," akamwambia mtoto, ambaye kwa wakati huo alikuwa ananyonya kidole na kutabasamu, "mama yako ni mwalimu wa mjini."

Lakini kurudi hakurudi. Mtu akishaaga, hata kwa kukimbia, kurudi kuomba ni kukosa haya.

*

Jumamosi kulipambazuka kweupe, majani yote yanang'aa. Bwana Prusak alifika saa tatu kamili na viatu vipya vya kupandia milima. Alikuwa mtu wa mashariki, New Jersey, mahali ambako ukisema hapana unaachwa na hapana yako.

"Nina saa mbili," akasema. "Saa sita natakiwa ndani ya samaki. Tuanze?"

Wakaenda kwa pikapu ya Verlyn, Verlyn akiwa amevaa koti la kanisani. Mbele ya pango Bwana Prusak akafungua daftari. Marit akajikohoza. Maelezo alikuwa ameyaandika kwenye karatasi mbili, na barua ya Gunhild ilikuwa mfukoni, ikimchoma kama kaa.

"Hapa ndipo," akaanza. "Hapa ndipo, mwaka wa elfu moja mia nane…"

Baridi ya pango ikamgusa usoni. Mgongoni Nora alikuwa anahema polepole. Marit akamfikiria yule mama na watoto wake watatu, akiandika kwamba anapata nguvu kwa sababu mto unalia naye, halafu watu wa mji wake mwenyewe wanamhamishia shimo lisilo na jua wala tone la maji, miaka sabini, kwa adabu.

"Bwana Prusak," akasema, "hapa sipo."

"Sipo kivipi?"

"Pango silo. Lenyewe liko ng'ambo ya kilima. Kibao kiliwekwa mahali pasipo pake na wote tunajua. Wale wenye umri tu lakini. Mimi nimejua juzi."

Bwana Prusak akamtazama, akalitazama pango, akamtazama Verlyn. Verlyn alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni mwa koti la kanisani na kutoa spana. Akafika kwenye kibao, akazungusha nati nne, mbili mkono huu na mbili mkono ule, na kibao kikamwangukia mikononi kama embe lililoiva.

"Mzee Verlyn! Zilikuwa zimelegea?"

"Tangu baba afariki. Mwaka wa themanini na tatu." Alikuwa anapumua kama mtu aliyetua gunia. "Kila baridi ikiisha naja kuzipaka grisi zisishike kutu. Nilikuwa nangoja mtu akidai."

"Na hakuna aliyedai?" Bwana Prusak aliuliza.

"Hawakutaka kunisumbua."

Bwana Prusak akafunga daftari, akalifungua tena. "Sawa. Basi tukalione lenyewe."

"Mwenye shamba amekataa," Marit akasema. "Nilimwomba jana."

"Kama amekataa, amekataa. Kwetu mtu akikukatalia na ukarudi kumuuliza, anaita polisi." Akatazama saa. "Pole sana, mama. Nakushukuru kwa ukweli wako. Labda niwahi Harmon Springs."

Marit akasikia chumvi inamwagwa kwenye sakafu ya stesheni, tani kwa tani. Lakini Verlyn alikuwa anamtazama kwa jicho la upande.

"Binti. Ulimuuliza mara ngapi?"

Marit akainama. "Mbili."

"Mbili!"

"Mvua ilianza, na Nora akatapika, na alisema kwa ukali…"

"Mara mbili!" Verlyn akarudia, akamgeukia Bwana Prusak kana kwamba anamwomba awe shahidi. "Mtu wa damu ya Tollefson, mzaliwa wa hapa! Ingieni garini wote. Ingieni!"

*

Kutoka barabarani tu waliona. Majani ya shamba la Kvamme, yaliyokuwa magotini jana, yalikuwa yamekatwa. Si yote, ila njia moja tu, pana ya kupita watu watatu sambamba, kutoka uani hadi chini ya jabali, hatua kama mia nne. Uani palikuwa na meza yenye kitambaa cheupe. Juu ya kitambaa, lile birika kubwa la kanisa linalotosha watu hamsini. Na nyuma ya meza alisimama Bibi Ardis, amevaa gauni la Pasaka, na kifuani bizimu ya fedha iliyokuwa ya mama yake.

"Bibi Ardis," Verlyn akasema, kofia mkononi. "Unangoja wageni?"

"Mimi? Nani aje kwangu? Nilikuwa napunguza majani tu." Alipoona alichobeba Verlyn kwapani, macho yake yakahama haraka, yakaenda kutua kwa jogoo.

Kila mtu alijua, na hakuna aliyeweza kusema kwamba anajua. Ndipo Bwana Prusak, kwa wema wote wa moyo wake, akasogea mbele na kunyoosha mkono.

"Habari za asubuhi, mama. Nimeambiwa hupendi watu waende pangoni kwako. Naheshimu sana jambo hilo. Hatutakusumbua. Tunaondoka sasa hivi."

Marit aliuona uso wa Bibi Ardis. Ulikuwa uso wa msichana wa miaka kumi na minne aliyesimama dirishani, akilitazama gari linapotelea mvuani.

Hakuna mtu Vesterby aliyewahi kuhesabu kwa sauti. Ni kama kutaja umri wa mwanamke, au kuuliza nani alikula kipande cha mwisho. Marit akahesabu kwa sauti.

"Jana nilikuuliza mara moja, Bibi Ardis," akasema. "Kisha nikakuuliza ya pili. Halafu nikakimbia. Hii ni ya tatu, na imechelewa miaka sabini. Tunaomba utuonyeshe pango la Gunhild."

Jogoo akawika. Bibi Ardis akakipangusa kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na vumbi.

"Haya basi," akasema. "Kwa kuwa mmeniuliza."

Akatangulia kwa hatua ndefu, wao nyuma, na bila kugeuka akaanza kuongea kama aliyefunguliwa bomba. "Mama alioka pai nne siku ile. Nne! Tufaha mbili, cheri mbili. Tulizila wenyewe wiki nzima. Mpaka leo cheri siitaki hata kuiona."

"Sisi tulikuwa tunakula kwa aibu vilevile," Verlyn akasema nyuma yake. "Waliokuja kupigilia kibao walituletea keki."

"Ilikuwa nzuri?"

"Kavu."

"Afadhali," akasema Bibi Ardis.

Maji yalikuwa yanaanguka kutoka juu ya jabali, membamba, meupe, na nyuma yake kulikuwa na mdomo wa pango uliotazama mashariki. Jua la saa nne lilikuwa bado limo ndani mpaka ukutani. Nora akaamka, akaona maji, akaanza kuyapigia kelele, nayo yakampigia. Marit akasoma ile mistari ya barua kwa sauti ya juu ili asikike, na alipofika penye mto unalia nao, akashindwa kuendelea, Verlyn akajifanya anatafuta kupe kwenye soksi.

"Njoo uone," Bibi Ardis akasema.

Chini ya ukuta, mahali jua lilipofika, palikuwa na mikwaruzo kwenye jiwe. Mitatu, kwa vimo vitatu. Na juu ya kila mmoja, upana wa kidole tu, mkwaruzo mwingine.

"Watoto wake," akasema Bibi Ardis. "Mkwaruzo mmoja walipoingia, mmoja walipotoka. Walikua. Majira yote yale ya baridi, na walikua."

Marit akamteremsha Nora mgongoni, akamsimamisha ukutani, akimshika makwapa. Kichwa cha Nora kilifika sawasawa kwenye mkwaruzo wa chini kabisa. Nora akaupigapiga kwa kiganja, akacheka.

Bwana Prusak alikuwa ameacha kuandika. Viatu vyake vipya vilikuwa majini na hakuwa na habari.

Waliporudi uani, Bibi Ardis akamkaribisha kahawa.

"Hapana, asante, nimekunywa hotelini," akasema Bwana Prusak.

Bibi Ardis akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akamnong'oneza Marit, "Kumbe amelelewa."

"Karibu kahawa."

"Hapana, kweli, nina dakika kumi tu za…"

"Kunywa, kaka," Verlyn akamwambia pembeni. "Ukishindana naye hutaona huyo samaki leo."

Alikunywa vikombe vitatu. Kwenye samaki alifika saa nane.

*

Wiki mbili baadaye, Jumanne, mwenyekiti wa halmashauri alikuwa ndani ya stesheni na utepe wa kupimia. Alikuwa anapima upana wa sakafu, kwa upole, akiinua miguu ili asimkanyage Nora.

"Kupima tu, Marit. Kupima si kuamua."

Simu ikalia.

"Ni Prusak," sauti ikasema. "Tumemaliza kikao. Samaki ni mzuri, sisemi hapana. Lakini kamati imeipenda Vesterby, pango na stesheni pamoja. Tungependa kujenga kituo kwenu. Mnakitaka?"

Moyo wa Marit ukaruka mpaka darini. Lakini kinywa ni mali ya mama aliyekilea, na kinywa hicho kikajibu chenyewe kabla hajakiwahi.

"Ah, msijisumbue, Harmon Springs wamejitahidi zaidi…"

Akajiziba mdomo kwa kiganja. Mwenyekiti akaacha kupima. Marit akafumba macho. New Jersey, akafikiri. Ukisema hapana, unaachwa na hapana yako.

"Hiyo ni moja," akasema Bwana Prusak. Alikuwa anatafuna kitu, taratibu, mtu asiye na haraka. "Mvua inanyesha huko?"

"Hapana," Marit akasema. "Kweupe kabisa."

"Vizuri. Na mtoto hajambo? Na meno? Vizuri. Sasa nauliza tena. Kituo, mnakitaka?"

Marit alikuwa bado na nafasi moja ya kukataa, ya heshima, iliyo haki yake tangu mababu. Akamtazama dubu asiye na sikio. Akamtazama Nora, aliyekuwa amejishika kwenye mguu wa dubu na kusimama peke yake, anayumba, kimo chake kimezidi cha wiki mbili zilizopita kwa upana wa kidole.

"Tunakitaka," akasema. "Tunakitaka sana."

Mara ya pili tu! Mwenyekiti akameza mate, akatazama kando kwa aibu, kisha akaanza kuukunja utepe wake polepole. Nora akarusha kijiko.